Majina Yaliyobaki Usoni mwa Redio

Zipo nyumba za askari mjini Kampala, kule Nsambya na Naguru na hata Mbuya, ambamo redio kuukuu hukaa juu ya kabati wala mwenye nyumba hakubali itupwe. Pengine ni National, pengine Sanyo, pengine Grundig. Jina lingali linasomeka, lakini aliyelitia hapo hayupo tena, au yupo kwa jina jingine.

Redio za namna hiyo zilikuwa na kazi kubwa. Tarehe 25 Januari 1971, tangazo la mapinduzi lilisomwa katika Redio Uganda na askari, Sam Wilfred Aswa. Tarehe 11 Aprili 1979, Luteni Kanali David Oyite-Ojok alitangaza kwa redio hiyo hiyo kwamba utawala wa Amin umeanguka. Asiyekuwa na umeme siku hizo alisikia kwa betri, na asiyekuwa na betri alisikia kwa jirani.

National ilikuwa mali ya kampuni ya Kijapani ya Matsushita, iliyokuwa na kiwanda Dar es Salaam tangu miaka ya 1960. Sanyo nayo ilianzishwa mwaka 1947 na Toshio Iue, ambaye dada yake aliolewa na Konosuke Matsushita mwenyewe. Shemeji alitoka kwa shemeji, akafungua duka lake. Mwaka 2008 Matsushita ilijiita Panasonic na kuliacha jina la National, na mwaka uliofuata ikainunua Sanyo. Hivyo mali ya mashemeji ikarudi chini ya paa moja, wakati wenyewe wote wawili walikuwa wamekwisha kufariki dunia.

Grundig ya Ujerumani ilikuwa na mwisho mwingine. Ilifilisika mwaka 2003, na jina lake likanunuliwa. Leo limo mikononi mwa kampuni ya Kituruki. Mama anayeliona jina hilo dukani na kukumbuka redio ya baba yake apaswa kujua kwamba ananunua bidhaa ya watu wengine kabisa. Huenda ikawa nzuri, lakini sifa ya ile ya zamani si dhamana ya hii. Ni heri aulize vipuri vyapatikana wapi na dhamana ni ya miezi mingapi kabla ya kutoa fedha.

Kampala nayo ilipata kuwa na jina lake. Huko Nalukolongo, katika barabara ya Masaka, jamaa ya Sembule, waliojulikana zaidi kwa chuma na mabati, waliunganisha televisheni na redio zilizobeba jina lao. Wako watu waliozidharau wakisema kwamba vipande vyatoka ng'ambo na hapa hufungwa skrubu tu. Dharau hiyo haikuwa ya haki. Anayefunga skrubu hujifunza kufungua, na fundi anayejua kufungua ni faida kwa mji mzima. Milango ya biashara ilipofunguliwa wazi, bidhaa za nje, mpya na zilizokwisha tumika, zilijaa madukani, na jina hilo likatoweka katika televisheni.

Betri zenyewe hazikunusurika. Kiwanda cha Eveready mjini Nakuru, kilichoanzishwa mwaka 1967, kilifungwa mwaka 2014. Betri za bei nafuu kutoka nje zilikuwa zimekibana, na tochi iliyomo ndani ya simu ikapunguza wanunuzi wa betri za tochi.

Mwenye redio ya zamani asisahau jinsi betri hizo zifanyavyo kazi. Ganda lake ni la zinki, na ndilo linaloliwa polepole ili kutoa volti 1.5, kwa hiyo betri nne zikipangwa mfululizo hutoa volti 6. Betri ikiisha ikaachwa humo, ganda hutoboka na maji yake huharibu springi. Redio nyingi zinazosemekana zimekufa zina ugonjwa huo tu. Betri zitolewe redio isipotumika, na kutu ya springi isuguliwe taratibu kwa msasa laini na kitambaa kikavu. Ikikataa kunena hata hivyo, ipelekwe kwa fundi mzee wa Katwe kabla hajastaafu, kwa maana vijana wengi wamezoea simu na hawajapata kuifungua National.