Maziwa ya Mtoto Aliyepasuliwa Moyo Yaandikwe kama Dawa

Mtoto mchanga anaporuhusiwa baada ya upasuaji wa moyo, hati yake hutaja kila dawa kwa jina, kipimo na saa. Kuhusu chakula, aghalabu mama huambiwa amnyonyeshe vizuri, basi. Kauli hiyo haitoshi, na hesabu ndogo yaonyesha kwa nini.

Mtoto wa kilo 4 anayepona aweza kuhitaji kilokalori 130 kwa kila kilo kwa siku, yaani 520. Maziwa ya mama yana takriban kilokalori 67 katika mililita 100. Hivyo angepaswa kunywa karibu mililita 780. Lakini moyo uliotoka kushonwa huenda usihimili maji mengi, na daktari akiweka kikomo cha mililita 480, mtoto atapata kilokalori 320 tu. Pengo hilo mama hawezi kuliziba kwa bidii, hata akikesha.

Tena mara nyingi kikomo chenyewe hakifikiwi. Kwa mtoto huyu kunyonya ni kazi nzito: hutweta, paji la uso hulowa jasho, kisha husinzia kabla ya kushiba. Nyumbani usingizi huo hudhaniwa kuwa shibe. Uzito usipopanda, bibi mwenye huruma hukoroga uji mwepesi, ambao kwa mtoto wa chini ya miezi 6 hujaza tumbo maji na kunyang'anya maziwa nafasi.

Basi maziwa nayo yaandikwe: kiasi, mara ngapi kwa siku, na muda usiozidi nusu saa kwa mlo, yanayobaki yapitishwe kwenye mpira wa kulishia puani. Mama afundishwe kukamua, na yale ya mwisho, yenye mafuta mengi, yatangulizwe. Kuyaongezea nguvu kwa unga maalumu ni kazi ya mtaalamu wa lishe. Kukadiria kwa kijiko huweza kuleta kuhara. (Mtoto ambaye limfu yenye mafuta imevuja kifuani ni suala jingine: maziwa ya mama huenguliwa mafuta kwanza.)

Mtoto aliyepasuliwa katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam, kisha akarudi Kigoma, hawezi kungoja kliniki ya mbali ndipo apimwe. Wiki za mwanzo apimwe uzito kila wiki kwenye zahanati iliyo karibu, na muuguzi wa hapo awe na namba ya simu ya wodi aliyotoka.