Anga Halina Mipaka, Bando Linayo

Kila picha mpya ya anga ikitoka, kwenye makundi yetu ya WhatsApp stori ni ile ile. Mmoja anasema ni dalili ya mwisho wa dunia. Mwingine anasema eti wamechora kwa kompyuta, wazungu hawana kazi. Halafu anatokea mtu, mara nyingi mzee anayeheshimika, anauliza: sasa hiyo itatusaidia nini sisi ambao mgao umepungua? Hapo wote kimya. Baadaye mtu anatuma kichekesho na mazungumzo yanahamia kwenye mpira.

Tunataka kumjibu huyo mzee, maana swali lake ni la haki. Mama anayepanga jinsi ya kugawa maharage kidogo kwa watoto sita huko Juru au Rubondo hana deni la kushangilia galaksi. Na tuseme mapema: picha hizi hazileti posho. Anayetaka makala ya kusema sayansi itamaliza njaa kambini atafute kwingine. (Wakubwa wanasema makazi, sisi tunasema kambi, mtatusamehe.) Tunachokataa ni lile wazo lililojificha nyuma ya swali, kwamba mambo ya nyota ni ya watu wenye nchi, na mkimbizi akiinua kichwa juu amesahau shida zake.

Chukua ile picha ya kwanza ya darubini ya James Webb, ile yenye galaksi maelfu kama punje za mchele zilizomwagika gizani. Rais Biden aliionyesha dunia akiwa Ikulu ya Marekani tarehe 11 Julai 2022. Kundi la galaksi lililo katikati ya picha linaitwa SMACS 0723, na mwanga wake umesafiri miaka bilioni 4.6 mpaka kutufikia. Eneo lote la anga lililopigwa ni dogo kiasi cha kufunikwa na chembe moja ya mchanga ukiishika kwa mkono ulionyooshwa.

Sasa sikilizeni jambo ambalo hatukuliona likisemwa popote wakati ule. Sehemu hiyo ya anga iko kusini sana, karibu nyuzi 73 kusini mwa ikweta ya anga. Kutoka Washington haichomozi hata siku moja. Kutoka Baltimore, mji ambako darubini yenyewe inaendeshewa kazi zake, haichomozi pia. Kutoka Nakivale inachomoza. Sisi tuko chini kidogo tu ya ikweta, haifiki hata nyuzi moja. Mwezi wa pili, saa nne usiku hivi, simama mahali pasipo na miti, geuka kusini, inua macho kidogo juu ya vilima: eneo lile liko hapo. Hutaona galaksi zile kwa macho, usidanganyike, lakini unaangalia upande wenyewe. Rais wa Marekani alionyesha kipande cha anga ambacho hawezi kukiona akiwa nyumbani kwake, na sisi kinapita juu yetu.

Hii si bahati ndogo. Watu wa kaskazini ya mbali hawauoni Msalaba wa Kusini maisha yao yote wasiposafiri. Watu wa kusini kabisa hawazioni zile nyota saba za Dubu Mkubwa. Sisi huku, mwezi wa tano mawingu yakiruhusu, tunaziona zote usiku mmoja saa ile ile, Msalaba upande wa kusini na Dubu upande wa kaskazini, karibu kimo kimoja. Mwezi wa saba, wakati wa kiangazi, kati ya saa nne na saa sita usiku, ule ukanda mweupe wa galaksi yetu unakuwa juu kabisa, na sehemu yake nene upande wa kusini ndiko liliko shimo jeusi la katikati, Sagittarius A*. Lina uzito wa jua letu mara milioni nne, na liko umbali wa miaka ya nuru 27,000 hivi. Picha yake ilitolewa tarehe 12 Mei 2022. Haikupigwa na kamera moja. Darubini nane za redio zilizotawanyika duniani zilikusanya data mwezi wa Aprili 2017, zikaunganishwa kama jicho moja, halafu watu wakafanya hesabu miaka mitano.

Giza la vijiji vyetu, ambalo kwa mambo mengine tunalilalamikia na tutaendelea kulilalamikia, kwa jambo hili moja linatusaidia. Ukienda Mbarara mjini, taa zinakunyima nusu ya nyota.

Na wale wa "wamechora"? Nusu ya hoja yao inahitaji jibu la heshima. Rangi za picha za Webb kweli hazionekani hivyo kwa macho. Darubini ile inapokea mwanga wa infraredi, ambao jicho halioni. Ukiweka mkono karibu na sigiri usiku, moto ukiwa umefunikwa na majivu, unahisi joto kabla hujaona kitu, na sehemu kubwa ya joto hilo ni mwanga wa aina hiyo. Wataalamu wanachukua vipimo vya mwanga huo na kuvipa rangi tunazoziona: mawimbi marefu wanayapa nyekundu, mafupi buluu. Ni kutafsiri, na mtu yeyote wa Nakivale anajua kutafsiri ni nini. Hapa tunatafsiriana kila siku, Kinyabwisha kwenda Kiswahili, Kisomali kwenda Kiingereza, Kirundi kwenda Kinyankole. Tafsiri inaweza kuwa mbaya au nzuri, lakini haimaanishi kwamba maneno ya kwanza hayakusemwa.

Ile mistari iliyopinda kwenye picha ya SMACS 0723, kama kope, ni galaksi za nyuma zaidi. Mwanga wao umekunjwa na uzito wa kundi lililo mbele. Albert Einstein ndiye aliyeonyesha kwa hesabu zake za mwaka 1915 kiasi gani uzito hukunja njia ya mwanga. Hitler aliposhika madaraka mwaka 1933, Einstein hakurudi tena Ujerumani, akawa mkimbizi kama sisi. Ndiyo maana ule ufadhili wa chuo ambao vijana wengi wa hapa wanauota, DAFI wa UNHCR, una jina lake. Herufi zile ni kifupi cha Kijerumani, na Albert Einstein yumo kwenye jina kamili. Ulianza mwaka 1992. Tumekutana na waombaji wengi wa DAFI, na wachache sana walijua hilo. Aliyejua na akaomba kusoma fizikia, bado hatujakutana naye.

Hapo ndipo panapotuuma.

Mashirika yanapoleta mafunzo ya vijana, orodha tunaijua kwa moyo: ushonaji, saluni, sabuni ya maji, mandazi na keki, siku hizi na kompyuta kidogo. Hatudharau cherehani, wengi wetu tumelishwa na cherehani. Lakini mtu akikupa orodha ile ile miaka kumi, amekwambia pia anachodhani wewe ni nani. Wakati mmoja kundi letu liliandika ombi dogo kwa shirika fulani. Tulitaka projekta jioni moja kwa mwezi, na usafiri wa siku moja kwenda Mbarara kwa wanafunzi wa Senior 3 na Senior 4. Tukajibiwa kwamba si kipaumbele, ila tungeweza kufikiriwa kama tungeongeza kipengele cha kutengeneza sabuni. Tulicheka sana. Baadaye hatukucheka.

Kwa nini Mbarara? Kwa sababu Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, MUST, kilichoanzishwa mwaka 1989, kiko kama kilomita 60 tu kutoka hapa, na idara yake ya fizikia inafundisha astrofizikia mpaka shahada za juu. Watu wanaochunguza galaksi kwa kazi wako mji ule ule tunaoendea hospitali na kununua betri za sola. Mtoto wa Base Camp anaweza kumaliza shule bila kuambiwa hivyo hata mara moja. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 umeingiza mfumo wa jua na nyota kwenye fizikia, vizuri sana. Lakini akifika Senior 5 kuchagua masomo, binti aliyefaulu hesabu anashauriwa achague kitu "chenye kazi haraka", na fizikia, kemia na hesabu wanaachiwa wengine. Wanaomshauri hivyo wanampenda. Hawajawahi tu kumwona mkimbizi aliyepita njia ile.

Kuna msemo watu wa mashirika wanaupenda kwenye mabango, kwamba anga halina mipaka. Jamani, ni kweli kwa macho tu. Data za Webb zinawekwa kwenye hifadhi ya wazi, nyingine mara tu zinapopokelewa, nyingine baada ya mwaka mmoja, na mtu yeyote duniani anaweza kuzipakua bure. Bure kwa nani? Bando linalipiwa. Laini ya simu inataka kitambulisho. Kompyuta inataka umeme. Mipaka ipo, ila imeshuka kutoka angani ikaja kukaa kwenye bei na karatasi. Ukitaka kutusaidia, ifanyie kazi hiyo, mabango tunayo ya kutosha.

Na inawezekana kwa fedha kidogo. Tangu mwaka 2007 kuna mradi unaoitwa Galaxy Zoo, ambapo watu wa kawaida wanaangalia picha za galaksi kwenye intaneti na kusema zina umbo gani. Mwalimu wa shule Uholanzi, Hanny van Arkel, aliona humo wingu la ajabu la gesi linalong'aa ambalo wataalamu hawakuwa wameligundua. Hakuwa na darubini, alikuwa na intaneti na macho yake. Vituo vya kompyuta vilivyopo hapa Nakivale vinatosha kwa kazi hiyo. Kijana anayejifunza kupanga data za galaksi anajifunza kupanga data, basi, na ujuzi huo utamfaa hata akiajiriwa kuhesabu magunia.

Msituambie pia kwamba mambo haya ni mageni kwa lugha yetu. Kiswahili kina Kilimia, kundi la nyota lenye jina linalotokana na kulima, kwa sababu wazee wa pwani waliangalia hapo kujua msimu. Na setilaiti ya kwanza kabisa iliyotengenezwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei za angani peke yake iliitwa Uhuru. Ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la baharini karibu na Malindi, siku ya uhuru wa Kenya, na vipimo vyake vilisaidia kuonyesha kwamba Cygnus X-1 huenda ni shimo jeusi. Watu wanaosoma mashimo meusi, popote walipo, wamejifunza neno moja la Kiswahili bila kukusudia.

Kwa hiyo, dada na kaka zetu mnaofanya kazi kwenye mashirika, hatuombi darubini. Mnapokaa na wanafunzi wa Senior 4 kuwashauri, wekeni fizikia mezani na mtaje MUST kwa jina. Mnapotangaza DAFI, elezeni Einstein alikuwa nani. Projekta zenu zinalala kabatini kuanzia saa kumi na moja jioni, tuazimeni moja. Na sisi vijana wenzetu, tuache kusambaza picha yenye maelezo ya uongo kwa sababu tu inatisha. Ukipokea picha ya anga, uliza imepigwa na darubini gani na lini. Asiyeweza kukujibu hayo mawili, usimsambazie.

Kuna tarehe moja ya kuweka akilini. Jumatatu, 2 Agosti 2027, jua litapatwa. Kwa majirani zetu Wasomali wenye ndugu kaskazini mwa nchi yao, kivuli kitapita kule na kutakuwa na giza mchana. Sisi huku Nakivale tutaona jua limemegwa kipande tu, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu watoto watalikodolea macho wakidhani halina nguvu. Miwani ya jua ya kawaida haikingi. Filamu ya eksirei pia isitumike, hata kama mjomba alifanya hivyo zamani. Inatakiwa miwani maalumu ya kupatwa kwa jua, na madukani Base Camp hatujaiona. Shirika lolote linaloandaa bajeti sasa hivi, na lenye nafasi ya kuagiza maboksi machache kwa ajili ya shule, mtuandikie hapa chini. Kugawa tutagawa wenyewe.