Pengo la Mbele: Waya au Jino la Kupandikiza?



Lugha yetu ina maneno mawili kwa nafasi iliyo kati ya meno. Mwanya ni ule ambao mtu huota nao meno, na tangu zamani watu huuhesabu kuwa ni uzuri. Pengo ni mahali jino lilipotoka, na hapana amsifuye mtu kwa pengo. Naandika habari za pengo, maana muhula huu jambo hili limezungumzwa sana bwenini kwetu.

Mwenzetu mmoja alipigwa kiwiko katika mpira, jino la mbele la juu likatoka zima pamoja na mzizi wake. Tangu siku ile hasimami katika mdahalo, na akicheka huziba mdomo kwa mkono. Baba yake ni mkulima wa korosho. Amesema akiisha kuuza atampeleka Dar es Salaam akapandikizwe jino. Mjomba wake asema la, kijana afungwe waya, meno yasogezwe yazibe pengo. Bwenini nako tumegawanyika kama Simba na Yanga.

Waya haulisukumi jino kama mtu asukumavyo mlango. Hulikandamiza kidogo kidogo. Mfupa wa upande unaobanwa huyeyuka, na upande wa pili mfupa mpya huota, ndipo jino lihame. Kazi hii yataka mwaka mmoja na nusu hata miaka miwili au zaidi, na daktari hutaka kumwona mgonjwa kila baada ya wiki nne hata nane. Basi hesabuni wenyewe: mwanafunzi wa Newala au Masasi ambaye daktari wake yuko Dar es Salaam, mwendo wa zaidi ya kilometa 500, atasafiri mara ngapi, na atakosa vipindi vingapi katika mwaka wa mtihani? Tena wako watu wanaozaliwa bila jino lile dogo lililo ubavuni mwa meno mawili ya katikati. Kwao waya ni njia njema, maana chonge husogezwa likachongwa kidogo, nalo likapendeza. Lakini hili la mwenzetu ni la katikati kabisa. Jino dogo likivutwa mpaka pale, halifanani na ndugu yake wa pili hata kwa mtu asiyetazama sana, mpaka liongezwe umbo.

Jino la kupandikiza ni jambo jingine. Daktari hutoboa mfupa wa taya, akatia parafujo ya madini ya titani, akangoja miezi mitatu hata sita mfupa uishike, ndipo aweke jino juu yake. Aliyeleta elimu hii ni Per-Ingvar Brånemark wa Sweden. Alikuwa akichunguza mifupa ya sungura, akaona kuwa kifaa chake cha titani kimeshikana na mfupa hata hakitoki. Mwaka 1965 akamtilia mtu wa kwanza. Ni kazi ya ajabu, nami siibezi.

Lakini yako maneno ambayo baba wa mwenzetu hajaambiwa. Taya la kijana wa miaka 17 huenda halijaisha kukua. Meno ya asili hushuka pamoja na taya, ila parafujo iliyoshikana na mfupa haishuki. Miaka michache ikipita, jino lile la fedha nyingi litaonekana fupi, limebaki juu, na wenzake wamelipita. Kwa hiyo madaktari huwangojesha wavulana mpaka wapite miaka 20 au zaidi. Fedha ya korosho ya mwaka huu ingenunua kasoro ya miaka ijayo.

Basi afanye nini sasa? Mimi nasema avae jino la bandia la kuvaa na kuvua. Najua vijana hulicheka, wakisema ni la babu. Hata hivyo gharama yake ni ndogo, hurudisha matamshi, na tena hulinda nafasi, kwa kuwa meno ya jirani yakiachwa huinama kuelekea penye pengo. Akiwa mtu mzima mwenye kazi yake, ataamua mwenyewe habari ya kupandikiza.

Wako wanaosema kuwa hizi zote ni anasa, na mwanamume hahitaji uzuri wa meno. Hao wamesahau habari za kwao. Wazee wa Kimakonde waliyachonga meno yao yakawa na ncha, na walivumilia maumivu ili wafanane na wenzao. Kijana anayeziba mdomo kwa mkono ataka jambo lile lile.

Linalonisikitisha zaidi ni kwamba jino lenyewe lilikuwapo uwanjani, zima, nalo likatupwa. Jino la ukubwani likitoka hivyo laweza kurudishwa. Lishikwe upande wa kutafunia, mzizi usiguswe wala kusuguliwa. Likiwa na vumbi lisuuzwe upesi kwa maji au maziwa, lirudishwe penye tundu lake, na mgonjwa aume kitambaa. Isipowezekana, litiwe katika maziwa, na mtu akimbizwe kwa daktari wa meno kabla saa moja haijapita. Jino la utotoni halirudishwi, lisije likaharibu lile linalokuja chini yake.

Namwomba Mwalimu wa Michezo aweke pakiti ya maziwa pamoja na sanduku la huduma ya kwanza kila siku ya mechi, na kiranja wa zamu afundishwe la kufanya kabla ya mchezo wa Jumamosi.