KUTA ZA MJI NI ZA NANI?

Wako wanaodai kuwa picha kubwa za nyuso za watu zinazochorwa katika kuta za miji ni pambo tu. Sisi twakataa.

Mwaka 1967, mjini Chicago, Marekani, wachoraji weusi wa chama cha OBAC waliuchukua ukuta wa jengo kuukuu katika mtaa wa watu weusi, wakachora humo mashujaa wao zaidi ya 50. Alikuwamo Malcolm X, aliyefika Dar es Salaam mwaka 1964, alikuwamo W. E. B. Du Bois, aliyefia Accra mwaka 1963; alikuwamo Muhammad Ali. Wakauita Ukuta wa Heshima. Serikali haikuwatuma wala haikuwalipa. Watu waliozoea kudharauliwa wakajiona wakubwa kuliko milango ya nyumba zao, na mwaka 1968 Detroit nayo ikapata ukuta wake.

Lakini jengo halikuwa mali yao. Mwaka 1971 liliungua, likabomolewa, na nyuso nyingi zikapotea nalo. Mgeni hapangi nyumba ya mwenyewe.

Kwa hiyo twasema: halmashauri za miji yetu zitenge kuta za masoko, shule na stesheni, kwa maandishi, na wakazi wenyewe wachague nani achorwe. Mkunga achorwe, na kuli, na mwalimu. Ikiwa sabuni ina nafasi ukutani, mfuaji amekosa nini?