Mambo ya Shamba: Kijiti Chekundu cha Cederberg

Wasomaji wetu, huenda wengi wenu mmekwisha kuiona madukani chai nyekundu iitwayo rooibos, maana yake kijiti chekundu. Chai hiyo haitoki katika mchai. Mwezi huu twawaletea habari za kijiti chenyewe na jinsi kinavyooteshwa. Kwani ndani yake limo fundisho kwa kila mwenye shamba, na deni pia lisilofaa kusahauliwa.

Asili yake ni milima ya Cederberg, Afrika ya Kusini, mwendo wa kilomita 200 hivi kaskazini ya Cape Town. Nchi ile ni nyika ya mchanga na vichaka vifupi. Mvua hunyesha wakati wa baridi, na kiangazi ni kikali. Majani ni membamba kama sindano, nayo ni ya kijani. Hukatwa, hupondwa, hulundikwa yangali na unyevu hata yapate joto na kugeuka rangi, kisha huanikwa juani.

Waliokijua kwanza ni Wakhoi na Wasan, waliokuwa wakikichuma nyikani. Lakini kukipanda kulikuwa na taabu. Kijiti hiki ni jamaa ya kunde, ila kila kiganda kina mbegu moja tu, nacho kikiiva hupasuka na kuirusha mchangani. Tena mbegu hiyo ina ganda gumu lisilopenywa na maji. Mwaka 1930 daktari mmoja wa mji wa Clanwilliam, Pieter le Fras Nortier, alianza kujaribu kukipanda. Mbegu zilitafutwa hata katika mashimo ya sisimizi, maana wadudu wale huziweka akiba. Ikaonekana ya kuwa mbegu ikikwaruzwa kidogo kwa mawe ya kusagia, maji huingia nayo huota.

Hata leo kazi ni ile ile. Mbegu zilizokwaruzwa husiwa kitaluni mwezi wa Februari au Machi. Miche huhamishwa shambani mvua inaponyesha, kati ya Juni na Agosti. Ingali michanga hukatwa ncha, ipate kutoa matawi mengi. Wala mkulima asidhani atakisaidia kwa kukitilia mbolea ya fosifati, kwa kuwa kimezoea mchanga maskini, na mbolea hiyo hukidhuru. Si kila mmea hutaka kushibishwa.

Yafaa tuangalie jambo jingine. Mwishoni mwa mwaka 2018 moto uliteketeza nyumba nyingi za Wupperthal, kijiji cha misheni kilichoanzishwa mwaka 1830, ambacho watu wake hulima kijiti hiki. Kile cha shambani kikiungua hufa, bali baadhi ya vile vya nyikani huchipua tena kutoka shinani. Basi mwenye kung'oa vya nyikani ili apanue shamba lake aitupa akiba ya watoto wake.

Na lile deni? Mwaka 2019 yalifanywa mapatano kwamba wenye viwanda watawapa Wakhoi na Wasan asilimia 1.5 ya bei wanayolipwa wakulima, kwa kuwa maarifa ya kwanza yalikuwa yao. Vizazi vingi vilikuwa vimekwisha kupita bila kupata kitu. Haki iliyokawia ni haba, lakini ni bora kuliko kunyamaza.

Ninyi walimu, si lazima mwe na kijiti hiki ili kuwafundisha watoto. Twaeni mbegu 40 za mkwaju, ambazo nazo zina ganda gumu. Kwaruzeni 20 juu ya jiwe mpaka ganda lipungue, msiumize kiini. Mzilaze majini usiku mmoja. Zile 20 nyingine msizikwaruze. Pandeni zote siku moja, katika udongo mmoja, na watoto waandike hesabu kila juma. Kisha waulizeni wazee wa kijiji ni mbegu zipi nyingine zioteshwazo kwa hila, na mwandike jina la kila aliyewafundisha.