Mwanafunzi Aulize Kwanza

Tangu Rais Jakaya Kikwete alipoagiza, mwaka 2012, kwamba kila shule ya sekondari ya kata iwe na maabara tatu, ya fizikia, ya kemia na ya biolojia, wananchi wa mkoa wa Mtwara, sawa na wenzao wa mikoa mingine, wamechangishwa fedha, wamesomba mawe na mchanga, na wameshuhudia kuta zikipanda kidogo kidogo hadi kuezekwa. Na mtu mwenye insafu hawezi kuidharau kazi hiyo, kwa kuwa shule isiyo na hata meza ya kuwekea mizani ni taabu kudai kwamba inafundisha fizikia. Hata hivyo kuta, meza na mabomba havifundishi. Chenye kufundisha ni swali, na swali hilo, katika madarasa yetu mengi, aghalabu huwa si la mwanafunzi.

Tutazame mtihani wa vitendo wa kidato cha nne. Kwa miaka mingi watahiniwa wamewekewa mbele yao penduli ya kuhesabu mibembeo, rula ya mita ya kusawazisha juu ya kabari, kioo cha mstatili na pini zake, au nyaya na betri za kupimia ukinzani. Na kwa kuwa mambo hayo yanajulikana, mwalimu mwenye kuwatakia heri wanafunzi wake huwazoeza hayo kwa hayo, hata mtoto akaingia katika chumba cha mtihani ilhali anajua tayari grafu itaelekea wapi na jibu litakuwa ngapi. Vipimo vikimkatalia, hupika data, kama wasemavyo wanafunzi wenyewe bila ya haya: huanza na jibu, akarudi kinyumenyume kutunga vipimo vitakavyolistahili. Mimi simlaumu sana. Amefunzwa kwamba kitabu hakikosei na kwamba mkono wake ndio wenye kasoro. Basi kwa nini asiusahihishe mkono wake?

Nchi hii ilipata onyo juu ya jambo hili zamani, tena onyo lililofika dunia nzima. Mwaka 1963, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya Magamba, Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake, na kaida yao ilikuwa kuchemsha maziwa, kuyatia sukari, kuyaacha yapoe, kisha kuyaweka katika jokofu. Siku moja nafasi ya jokofu ilikuwa haba, na alipomwona mwenzake akiwahi kuingiza maziwa yasiyochemshwa, Mpemba, kwa kuchelea kukosa mahali, aliyaingiza yake yangali moto. Baada ya muda wa kama saa moja na nusu yake yalikuwa yameganda, ya mwenzake yakiwa mazito tu. Alipomuuliza mwalimu sababu, alijibiwa kwamba amechanganyikiwa. Alipopanda kwenda Mkwawa, Iringa, aliuliza tena wakati wa somo la kanuni ya Newton ya upoaji, na safari hii akaambiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba wala si fizikia ya ulimwengu. Kejeli hiyo ikawa mchezo wa darasa zima, na kila alipokosea jambo, hata la hesabu, wenzake waliliita kwa jina lake.

Ikatokea kwamba Dk. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, alizuru Mkwawa, na kijana yule, huku akichekwa na wenziwe, akamuuliza lile lile: kwa nini maji ya moto yatangulie kuganda kuliko ya vuguvugu, vyombo vikiwa sawa na ujazo ukiwa sawa? Mgeni hakuwa na jibu, lakini alikuwa na adabu ya ilimu. Alirudi chuoni akaagiza jambo lijaribiwe, na mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala yao katika jarida la walimu wa fizikia la Uingereza. Aristotle alikwisha kuligusia jambo hilo karne nyingi kabla yao, lakini leo linaitwa kwa jina la mtoto wa Tanganyika. Mabingwa wangali wanabishana. Mwaka 2016 Burridge na Linden wa huko huko Uingereza walidai kwamba hawakuona ushahidi madhubuti wa maji ya moto kuwahi kuganda, na wengine hawakukubaliana nao. Si hoja yangu nani ana haki. Hoja yangu ni kwamba swali lililotupwa mara mbili katika shule mbili limewashughulisha wanazuoni kwa zaidi ya nusu karne, na lilitoka jikoni.

Nitaambiwa kwamba kina Mpemba ni wachache, na kwamba mwalimu mwenye wanafunzi sitini hawezi kuketi kumngojea mmoja wao. Ndivyo, na kwa sababu hiyo hiyo kazi isiwe moja kwa wote. Katika darasa lolote la pwani yetu, tangu Mikindani hadi Msimbati na mlango wa Ruvuma, yumo mtoto wa mvuvi anayeijua bahari kama kiganja chake lakini Kiingereza humponyoka. Yumo wa karani au wa mwalimu, asomaye kitabu kwa wepesi ilhali hajapata kushika kasia. Yumo pia mwenye hesabu kali anayeona haya kufungua kinywa. Kuwapa hao watatu zoezi moja, kwa maneno yale yale na kwa dakika zile zile, ni kumdhulumu kila mmoja kwa namna yake.

Nataka nionyeshe ninachokusudia kwa jambo moja tu, nalo ni kuelea, ambalo mtoto hukutana nalo mapema, katika kidato cha kwanza, kwa jina la Archimedes. Chukua kikonyo cha jani la mpapai, ambacho kina uwazi ndani, ukizibe upande mmoja kwa nta, utie mchanga kidogo hata kisimame wima katika ndoo ya maji ya kisima, kisha weka alama ya wino pale uso wa maji unapokigusa. Kihamishie katika maji ya bahari, nacho kitapanda. Mita moja ya ujazo ya maji matamu ina kilo 1000, na ya maji ya bahari ina takriban kilo 1025. Kwa hiyo mrija ulionyooka, uliozama sentimita 20 kisimani, utazama sentimita 19 na nusu baharini, na ukiupeleka katika majaruba ya chumvi, mahali maji yanapokaribia kuiacha chumvi chini na kilo zake zikapita 1200, utazama sentimita 16 na nusu hivi.

Sasa kazi igawanywe. Wako watakaotosheka kuona, kushika na kueleza: kilizama wapi, kilipanda kiasi gani, na wao wanadhani kwa nini. Wako watakaotaka kukigeuza kikonyo kiwe kipimo hasa, chenye alama za kusomeka, na hao haitapita saa moja kabla hawajagundua kwamba kikonyo cha mpapai ni kinene upande mmoja na chembamba upande wa pili, na kwamba kwa ajili hiyo alama hazikai pale ambapo zingekaa katika mrija ulionyooka. Hapo mwalimu mwenye huruma atatamani kuwapa mrija wa plastiki awaondolee mashaka. Asiwape, walau si siku hiyo, maana mashaka hayo ndiyo somo lenyewe, na atakayeyatatua atakuwa amelijua eneo la duara na ujazo wa mrija kuliko aliyekariri kanuni. Wako, tena, watakaopenda hesabu ya chombo: mashua ya tani 10 pamoja na shehena yake husukuma mita 10 za ujazo za maji matamu, lakini husukuma 9.76 tu za maji ya bahari. Je, nahodha atokaye Msimbati kuingia Ruvuma wakati wa masika, mto ukiwa umefurika, apakie kiasi gani ili maji yasimfike mdomoni mwa chombo? Hao ndio wa kupelekwa bandarini Mtwara, watazame ubavu wa meli iliyokuja kuchukua korosho, wazione zile alama ambazo Mbunge Samuel Plimsoll alizipigania hata zikaingia katika sheria ya Uingereza mwaka 1876, na wajieleze wao wenyewe kwa nini mstari wenye herufi TF, wa maji matamu ya nchi za joto, umechorwa juu ya ule wenye T peke yake.

Ila makundi haya yasigeuzwe kuwa daraja za heshima. Nimeona shule ambamo kugawa kazi kwa kadiri ya wanafunzi kumekuwa njia ya adabu ya kuwatenga wale walioitwa wazito, wakapewa kazi nyepesi Januari na wakaendelea nayo hadi Novemba. Hilo ni baya kuliko zoezi moja la wote. Mtoto achague mwenyewe pa kuanzia, abadilishe wiki ijayo, na kila kundi liwafundishe wengine lilichopata; katika kazi ya kikonyo, mtoto wa mvuvi ndiye atakayeulizwa maji ya mlango wa mto hubadilika lini, na mwenye Kiingereza kizuri atalazimika kusikiliza.

Pwani yetu haina uhaba wa mambo ya namna hiyo. Kapi na jarari ya kupandishia foromali vinatosha kufundisha mashine sahili. Mirengu ya ngalawa na ndubi zake ni somo zima la kani zinazogeuza. Na mwenye kupenda anga na atengeneze kamali, kile kibao chenye uzi na mafundo ambacho manahodha wa zama za baharia Mwarabu Ibn Majid walikitumia kupima kimo cha nyota, kisha aulize kwa nini mtu aliye Mtwara, zaidi ya nyuzi 10 kusini mwa Ikweta, haioni kabisa nyota ya kaskazini, na wale manahodha waliokuja huku waliegemea nyota zipi badala yake.

Sisemi mwalimu anyamaze. Wanafunzi hawawezi kuigundua kanuni ya Newton kwa kuzunguka ufukweni, na yako mambo, umeme wa ukutani ukiwa mmojawapo, ambayo ni hatari kuachiwa udadisi peke yake. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982, na tangu mwaka 2015 inasafishwa Madimba na kupelekwa Dar es Salaam kwa bomba la inchi 36. Mtoto wa Madimba ana haki ya kuuliza gesi husukumwaje masafa yote hayo, lakini jibu lake ni la ubao na chaki, na la mwalimu aliyejiandaa. Kazi ya mwalimu katika njia ninayoisema ni kubwa kuliko ya mwenye kutoa imla, kwa sababu yampasa ajue ni lini aseme na ni lini azuie ulimi wake, na hili la pili ndilo gumu.

Katika makundi, watoto wajadili kwa Kiswahili, au kwa Kimakonde wakiwa peke yao, ndipo waandike kwa Kiingereza cha mtihani. Wenye kuogopa kwamba hivyo ni kuvunja sera na wajiulize ni hoja ngapi wamepata kuzisikia, katika darasa la fizikia, kutoka kwa mtoto anayetafuta maneno.

Kikwazo hasa ni alama. Mtaala wa sekondari wa mwaka 2005 ulikwisha kutamka kwamba ujuzi wa mwanafunzi ndio uwe kiini cha masomo, na huu mpya ulioanza kutumika kwa awamu mwaka 2024 unalikariri tamko hilo kwa mkazo zaidi. Lakini maadamu mtihani unamlipa mwenye jibu linalotarajiwa na haumlipi aliyeandika kwa uaminifu kwamba vipimo vyake havikukubaliana na kitabu, mwalimu atafuata mtihani, na ni haki yake. Young Scientists Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 2011, imewapa wanafunzi wa sekondari mahali pa kuonyesha utafiti wao wenyewe, na ni jambo la kushukuriwa, ila wanaofika kwenye maonyesho yake ni akali. Sehemu ya alama za tathmini endelevu ingetengwa kwa swali moja ambalo mwanafunzi amelitunga na kulifuatilia mwenyewe, hata kama hakulijibu, na msahihishaji akaelekezwa kusoma njia kabla ya jibu, basi kupika data kungepungua bila ya kumwadhibu mtu.

Mkuu wa shule aliye tayari kuanza hahitaji kungoja waraka kutoka Dodoma. Na atazame mwezi: siku za bamvua, mara baada ya mwezi kuandama na baada ya kuwa mpevu, maji ya pwani hii hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi, katikati ya ratiba, na tofauti ya kupwa na kujaa hufika mita 3 na ushei. Siku hizo aunganishe vipindi viwili vya fizikia, apate idhini ya wazazi, na amchukue mwalimu wa pili wa kuangalia watoto wasifuate maji. Nguzo iliyotiwa alama za sentimita, ikisimikwa penye kina kidogo na kusomwa kwa zamu, itawaonyesha katika wiki mbili kwamba kujaa kunachelewa kwa takriban dakika 50 kila siku, na sababu yake watakuja kuidai wenyewe. Maji ya Ruvuma tu, ya kujaribia kikonyo, ndiyo wasiende kuyachota. Hayo aagizwe mtu mzima ayalete kwa dumu kutoka kivuko cha Kilambo, kwa kuwa mto ule una mamba na viboko, nao hawana habari ya mtaala wa zamani wala mpya.