Braza, andika mfanyabiashara!

Juzi dogo wetu wa darasa la saba alinikokota hadi steshenari moja pale Mwananyamala kwa Kopa. Eti kabla ya kuagana shuleni, kila mmoja ajieleze kwa kompyuta. Enzi zetu tulizungusha daftari tu: jina, chakula ukipendacho, basi!

Dogo kaweka picha, Simba yake, udaktari. Kwenye kazi ya mama akaninong'oneza, "Braza, andika mfanyabiashara." Mama anauza vitumbua, na ndivyo vilivyolipia hiyo kompyuta. Nikamwachia kibodi. Kakodoa macho weee, mwisho kaandika "vitumbua".

Sasa anataka yote kwa Kiingereza, maana Januari kidato cha kwanza masomo karibu yote ni kwa lugha hiyo. Vitumbua kwa Kiingereza? Mimi wa fomu foo nikajifanya simu inaita.